Maji ya Moto: Namna ya Kuyakaribia



Jioni moja, saa ya kujisomea, mdogo wetu mmoja aliuliza: "Kama mayi haichemke, inaweza kuua mutu?" Darasa lote lilicheka. Sisi wa sita tunamjibu hapa, juu swali lake ni la maana.

Tuanzie kwetu Katanga. Pale Kiabukwa kuko chemchemi yenye maji ya digrii 91. Mwaka 1952 walijenga pale mtambo mdogo wa umeme, kiasi cha kilowati 200, kusaidia mgodi. Ulikuwa wa kwanza wa namna ile Afrika. Leo haufanyi kazi tena, lakini moto wa chini ungali uko.

Digrii 91 ni kidogo? Kolwezi iko juu ya mita 1,400, kwa hiyo hapa maji huchemka karibu na digrii 95, si 100. Tena ngozi haingojei kuchemka: maji ya digrii 60 huunguza vibaya kwa sekunde kama 5.

Mwaka 1981, huko Yellowstone, Marekani, mbwa aliruka ndani ya chemchemi. Kijana wa miaka 24 alijitupa kumtoa. Maji yalikuwa karibu digrii 94. Kesho yake alikufa. Basi jibu ni: ndiyo.

Siku tukienda kutembelea, tushike haya:

1. Tufuate njia ya wenyeji tu. Kandokando ya chemchemi udongo unaweza kuwa ganda jembamba, na chini yake maji ya moto. Sisi wa Kolwezi tunajua ukingo wa shimo la mgodi: unaonekana mgumu, kiisha unaanguka.

2. Hapana kupima maji na kidole.

3. Hapana kulala wala kuchuchumaa mahali pa bonde. Hewa ya kaboni ni nzito, inakaa chini, haina harufu. Huko Goma wanaiita mazuku, nayo imeua watu.

4. Kofia ikianguka, tuiache. Mwenzetu akianguka, tusiruke. Tumnyooshee fimbo ama kamba.

5. Aliyeungua amwagiwe maji ya baridi dakika 20, kiisha hospitali. Hapana kupakaa dawa ya meno wala mafuta.

Mdogo wetu, asante kwa swali. Tunakiri: siku ile hata sisi tulicheka, na hakuna kati yetu aliyejua jibu.