AFANDE NA OMBASHA: IDHAFA YA KITURUKI



Wanafunzi wapenzi, ukitoka Kigera kwenda Musoma mjini, gari likisimamishwa na polisi utamsikia dereva akisema, "Ndiyo, afande." Wengi hudhani neno hili ni la Kiarabu. La hasha! Ni la Kituruki: efendi, yaani bwana.

Lilifikaje kwetu? Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann aliajiri askari wa Kisudani huko Misri ili waje kupigana na Abushiri pwani yetu. Misri ilikuwa sehemu ya dola ya Uthmaniya, na vyeo vya jeshi lake vilikuwa vya Kituruki. Askari hao wakaja navyo: efendi, shaushi na ombasha.

Tuchambue ombasha. Waturuki huandika onbaşı (ş husomwa sh). On ni kumi. Baş ni kichwa au mkuu. Ile ı ya mwisho ni kiambishi cha umiliki. Ukisema on baş, umesema vichwa kumi. Ukiongeza ı, umesema mkuu wa kumi.

Sasa kumbuka idhafa mliyosoma katika nahau. Katika baytul-maal, mudhafu (bayt) hutangulia, na mudhafu ilayhi (maal) hufuata, akiwa na kasra. Kiswahili nacho husema "nyumba ya mali". Mturuki hugeuza: mudhafu huja mwisho, na ndiye abebaye alama.

Mbona basi twasema ombasha, si onbasha? Hapa tajwidi yatusaidia. Nuni yenye sukuni ikikutana na ba hugeuka mimu, kama katika min ba'di. Hiyo ndiyo iqlabu, na ulimi umefanya vivyo hivyo hapa.

Ama efendi, ikiongezwa m huwa efendim, bwana wangu, kama Mwarabu asemavyo sayyidi. Mturuki akiitwa huitika "Efendim?", kama sisi tuitikavyo "Labeka!"

Enyi wanafunzi, msidharau herufi moja. Aiachaye ı amemwondoa mkuu, akabakiwa na vichwa kumi visivyo na wa kuviongoza. Ndivyo ilivyo pia kwa irabu za Kiarabu: asiyezijali hupotosha maana.

Zoezi: Yüz ni mia, na bin ni elfu. Eleza maana ya yüzbaşı na binbaşı. Kisha eleza kwa nini askari waliomwita binbaşı walitamka bimbashi.