Dripu ya Haraka kwa Mtoto Mwenye Homa Kali: Jibu Lililopatikana Katika Hospitali Sita

Moja ya malalamiko yanayosikika katika wodi za watoto ni kwamba mtoto amefikishwa akiwa hoi, na muda unapita bila kufunguliwa maji kwa kasi. Kwa mzazi, chupa inayoning'inia na kutiririka ni ushahidi kwamba matibabu yameanza. Dripu ikienda polepole, huona mwanawe amepuuzwa. Hata hivyo, muuguzi anayefungua maji taratibu huenda ndiye anayemlinda mtoto huyo, na hilo halikujulikana hadi lilipochunguzwa kwa utafiti.

Tafiti za wagonjwa waliolazwa huuliza mambo matatu: mgonjwa aliishia wapi baada ya matibabu, matibabu yaligharimu nini, na huduma ilitolewa ipasavyo au la. Swali la kwanza ndilo linaloyapa maana mengine mawili, kwani huduma iliyotolewa kwa ustadi na kwa gharama kubwa yaweza bado kuwa na madhara.

Kwa miaka mingi, katika nchi tajiri, mtoto ambaye maambukizi makali yamefanya damu isizunguke vyema mwilini alipewa maji mengi ya mshipani kwa muda mfupi. Hoja ilionekana nyofu: damu haifiki mikononi na miguuni, basi mishipa ijazwe. Lakini nchi hizo zina vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia. Je, tiba hiyo ingefaa pia katika hospitali zisizo na vyumba hivyo? Swali hilo lilipelekwa katika hospitali sita za Afrika Mashariki: nne za Uganda, moja ya Kilifi nchini Kenya, na Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga. Utafiti huo, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland na kujulikana kwa kifupi cha FEAST, ulianza mwaka 2009.

Walioingizwa walikuwa watoto wa kuanzia siku 60 hadi miaka 12, wenye homa kali pamoja na kupotewa na fahamu au kupumua kwa shida, na dalili za mzunguko hafifu wa damu kama vile miguu baridi au mapigo dhaifu. Zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria. Kwa njia ya bahati nasibu, watoto 3,141 waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa maji ya haraka yenye albumini, la pili maji ya haraka ya chumvi, na la tatu halikupewa maji ya haraka, bali yale ya taratibu tu. Mengine yote yalikuwa sawa kwa makundi yote: dawa za malaria, viuavijasumu, oksijeni, sukari, na damu kwa waliopungukiwa mno. Kiasi cha maji ya haraka hakikuwa cha kutisha. Mtoto wa kilo 10 alipata mililita 200, na baadaye katika utafiti 400, ndani ya saa 1. Hiyo 400 ni zaidi kidogo ya chupa ya soda ya mililita 350.

Januari 2011 jopo huru la usalama liliamuru uandikishaji usimamishwe. Ndani ya saa 48, katika kundi la albumini walikuwa wamefariki watoto 111 kati ya 1,050, na katika kundi la maji ya chumvi 110 kati ya 1,047. Katika kundi lisilopewa maji ya haraka walifariki 76 kati ya 1,044. Kwa kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, takriban 3 zaidi walipoteza maisha.

Jambo linalostahili kutafakariwa zaidi ni hili: katika saa ya kwanza, waliopewa maji ya haraka ndio walioonekana kupata nafuu upesi zaidi. Daktari aliyesimama kando ya kitanda angeapa kwamba tiba inafanya kazi, na mzazi angeshukuru. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana hasa na kushindwa kwa moyo na mzunguko wa damu. Bila kuwahesabu watoto wote kwa makundi, macho ya mtu mmoja wodini yasingeweza kuliona hilo.

Kuhusu gharama, albumini ni ghali mara nyingi kuliko maji ya chumvi, na haikuokoa mtoto hata mmoja zaidi. Kuhusu ubora wa huduma, habari ilikuwa njema. Kabla ya kuanza, watumishi walifundishwa kuwatambua wagonjwa mahututi mara wanapofika, wakapewa mashine za oksijeni, na kila mtoto alikaguliwa kwa saa zilizopangwa. Vifo katika makundi yote vikawa vichache kuliko watafiti walivyotarajia.

Matokeo haya yasichukuliwe kuwa dripu ni mbaya. Watoto wenye kuharisha na kukaukiwa maji, wenye utapiamlo mkali na walioungua hawakuingizwa katika utafiti huu. Anayeharisha bado huhitaji kurudishiwa maji, na kumcheleweshea ni hatari. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko hafifu asipewe maji ya haraka, bali apewe ya kawaida ya taratibu. Mwenye mshtuko kamili apewe kwa uangalifu na kukaguliwa mara kwa mara.

Kwa sababu hiyo, mzazi afikapo mapokezi, aeleze mapema kama mtoto ameharisha au kutapika, na tangu lini. Aende na kadi ya kliniki, na akubali mtoto apimwe uzito hata kama kunaonekana kupoteza muda, kwani kiasi cha maji hukokotolewa kwa kilo. Ana haki ya kuuliza maji ni ya nini na yatakwenda kwa muda gani. Dripu ya kununua duka la dawa na kutundikiwa nyumbani haina wa kuikagua usiku, wala wa kupima mapigo ya moyo yanapobadilika.