Usiruke mstari wa HDL

Anayepima mafuta ya damu katika maabara ya Upper Hill au Westlands, Nairobi, hurudi na karatasi yenye mistari minne au zaidi, na wengi husoma mmoja tu: kolesteroli ya jumla. Ikiwa chini ya 5.0, karatasi inakunjwa, inatiwa mfukoni. Hapo ndipo tunapojidanganya.

Utafiti wa kitaifa wa afya nchini Kenya, STEPS wa 2015, uliohusisha watu wa miaka 18 hadi 69, ulikuta kolesteroli ya jumla imepanda kwa takriban mtu mmoja kati ya kumi. Si wengi, utasema. Lakini karibu washiriki wote, asilimia 98, hawakuwa wamewahi kupimwa. Isitoshe, kasoro iliyoenea zaidi kwetu, kama kwingi Afrika, ni upungufu wa HDL, ile inayobeba kolesteroli kutoka kwenye mishipa na kuirudisha kwenye ini. HDL huhesabiwa ndani ya ile jumla. Ikishuka, jumla nayo hupungua, nawe ukashangilia bure.

HDL ya mwanamume isipungue 1.0, ya mwanamke 1.3. LDL, inayojirundika kwenye kuta za mishipa, iwe chini ya 3.0, mwenye kisukari au aliyewahi kupata kiharusi atawekewa kiwango cha chini zaidi. Triglisaridi, mafuta mengine ya damu, isifike 1.7. Hizi ni milimoli kwa lita, kwa hiyo karatasi iliyoandikwa kwa miligramu usiilinganishe nazo.

Triglisaridi ndiyo huwashangaza watu. Mtu ameacha nyama choma ya Dagoretti Market, ila soda, chai ya vijiko vitatu vya sukari na bia za Ijumaa zimebaki pale pale. Ini hugeuza sukari ya ziada kuwa mafuta, na pombe hulichochea. Chipsi za katikati ya jiji zina ubaya wake: chungulia karai kabla ya kulipa. Mafuta yakiwa meusi, yanatoa povu na moshi, yamechemshwa mara nyingi mno, nenda kwingine.

Wembamba si kinga. Sigara hushusha HDL hata ya mwembamba, na kukaa kutwa pia. Anayetembea kutoka Kawangware hadi mjini (si kwa hiari, nauli imemshinda) anafaidi kitu ambacho aliyekwama kwenye foleni ya Waiyaki Way hakipati.

Omba kipimo kamili cha mafuta, si kolesteroli pekee, na uliza kama unapaswa kukaa bila kula usiku kucha, maji hayakatazwi. Ukiwa umetoka kuugua, subiri wiki kadhaa, kwa maana maradhi huvuruga majibu.

Ukiandikiwa statini, dawa za kushusha kolesteroli, usiziache kwa kuona vipimo vimetulia. Huenda vimetulia kwa sababu unazimeza. Misuli ikianza kuuma, mrudie aliyekuandikia. Anayepanga kushika mimba amwambie daktari mapema.