Kava ya gari Nkoroi: wakati wa kufunika na wakati wa kuacha

Nkoroi, kati ya Ongata Rongai na Kiserian, gari linalolala uani huandamwa na jua kali na vumbi la barabara za murram. Jua hupausha rangi, hupasua dashibodi na kuzigeuza taa za mbele manjano. Gari linalokaa wiki nzima bila kutoka lifunikwe.

Linalotoka kila alfajiri, hapana.

Sababu ni vumbi lenyewe. Kava ikivutwa juu ya bodi chafu, chembe za mchanga hukwaruza rangi kama msasa, na upepo ukiipigapiga, mikwaruzo huzidi, hasa kwenye kona za bampa na vioo vya pembeni. Osha gari, likauke kabisa, ndipo ufunike na kukaza kamba za chini.

Turubai la plastiki, lile la kufunikia saruji, lisiguse gari kamwe! Halipitishi hewa; wakati wa masika, Machi hadi Mei, unyevu hunaswa ndani na kutu huanzia pale rangi ilipochubuka. Nunua kitambaa kinachopumua, chenye bitana laini. Mwenye nafasi ajenge kibanda cha mabati; ni bora kuliko kava yoyote.

Kabla ya kuwasha gari lililofunikwa siku nyingi, fungua boneti: panya hujificha humo na kutafuna nyaya.