BONETI YA PIKAPU NA NAFASI ZA BODI
Mambo ya kutazama kabla ya uchumaji kuanza



Somo letu la safari hii halihusu mikarafuu, bali lahusu gari zinazobeba karafuu. Pikapu nyingi zilizomo mashambani mwetu ni za zamani, Toyota Hilux na Datsun na nyenginezo, zimekwisha pita mikononi mwa watu wengi na kula chumvi ya bahari kwa miaka. Twaona nyingi ambazo boneti imekaa upande: kulia imelibana madigadi hata rangi imekwanguka, na kushoto waweza kutia kidole. Wenyewe husema, "Si neno, maadamu gari yatembea." Sisi twaona ni neno, tena kubwa.

Boneti ya pikapu nyingi ina bawaba nyuma, karibu na kioo cha mbele, na kitasa chake kiko mbele. Kitasa kisiposhika sawasawa, upepo huingia chini ya ukingo wa mbele ukaifunua boneti ghafula mpaka ikapiga kioo, na dereva haoni njia. Na huku nyuma wamekaa wachumaji, wana wa watu, juu ya magunia. Likimfika mtu jambo hilo asikanyage breki kwa nguvu wala asikate usukani. Apunguze mwendo taratibu, achungulie upenyo ulio chini ya boneti au dirishani, ashike kushoto mwa njia na kusimama. Lakini bora zaidi ni lisimfike.

Basi, kabla ya kushika spana, itazame gari kwanza. Chonga kijiti chenye unene wa milimita 5, ukipitishe katika nafasi zote: boneti na madigadi, madigadi na mlango, mlango na kebini. Kwa gari za zamani nafasi ya milimita 4 hadi 6 si mbaya. Kinachotafutwa zaidi ni kuwa sawa toka mwanzo hadi mwisho, kulia kama kushoto. Nafasi iliyo baina ya kebini na kitanda cha mizigo usiihesabu pamoja na hizo. Hiyo huachwa pana makusudi, kwa kuwa chasisi hujipinda kidogo katika njia mbovu na vitu viwili hivyo visigongane.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Hukimbilia boneti, na kumbe ugonjwa uko chini. Kebini ya pikapu hizi imefungwa kwa bolti juu ya mipira iliyokaa kwenye chasisi, na fremu inayoshika rejeta nayo ina mipira yake. Mipira hiyo ikioza, gari hukaa kama nyumba iliyotitia upande mmoja. Tazama nafasi ya baina ya mlango na madigadi: ikiwa imepanuka juu na kubana chini, pua ya gari imeshuka, na yafaa kutazama mipira ya fremu ya rejeta. Ikiwa ni kinyume chake, yaani imebana juu na kupanuka chini, huenda pua imeinuliwa mno au kebini imeshuka upande wa mbele. Dawa ni mpira mpya, au washa pana za kuinulia pale ambapo mpira ungali mzima. Nyundo si dawa.

Mipira ikiisha kuwa sawa, anza na mlango, kisha madigadi, kisha boneti, na kitasa kiwe mwisho. Utaratibu huu usipinduliwe, kwa sababu kila kimoja hupimwa kwa kilichotangulia. Ufungue mlango na kuuinua kwa mkono. Ukicheza kwenye bawaba, pini zimelika na zataka kubadilishwa. Madigadi hulegezwa bolti zake zote, husogezwa mpaka kijiti kipite vyema mlangoni, kisha hukazwa.

Sasa boneti. Bolti za bawaba zikiwa zimeshika kutu, zitie mafuta ya kulegezea usiku uliotangulia, maana bolti ikikatikia ndani ya bodi kazi ya saa moja huwa ya siku mbili. Piga alama kwa penseli kuzunguka bawaba ili ujue ulikotoka. Funga vitambaa kwenye pembe za nyuma za boneti, na awepo mtu wa pili wa kuishika. Ondoa kitasa kwanza! Kikiwapo, kitaivuta boneti upande wake nawe utadhani imekaa sawa. Legeza bolti, usizitoe. Katika gari nyingi, bolti zinazoshika bawaba na boneti ndizo za kuisogeza mbele, nyuma na pembeni. Zile zinazoshika bawaba na bodi huinua au kushusha ukingo wa nyuma. Sogeza kidogo, kaza kidogo, shusha polepole huku mwenzio akitazama pembe, kisha pima. Hutapata mara ya kwanza.

Urefu wa mbele huwekwa kwa vile vipira viwili vya kugongea, ambavyo huzungushwa kupanda na kushuka. Vikiwa havipo, boneti hucheza na kutikisika hata kitasa kikalika. Ndipo urudishe kitasa, ukiweke katikati hata boneti ishuke bila ya kwenda upande. Jaribu ile kulabu ya pili ya usalama peke yake: fungua kitasa, uvute boneti juu, kulabu ikiiachia, gari isitoke. Tazama pia mpira wa ukingo wa nyuma, kwani ukikatika, moshi wa injini waweza kuingia kebini kwa tundu za hewa.

Mwenye kununua gari ya mkono wa pili naye ana faida hapa. Apime kwa uzi pembe kwa pembe katika mdomo wa injini. Nyuzi mbili zikipishana sana, gari hiyo iligongwa, na huenda chasisi imepinda. Hapo washa hazitasaidia, mtafute fundi mwenye kifaa cha kunyoshea chasisi, au uiache gari na mwenyewe. Bolti za madigadi zilizokwanguka rangi vichwani nazo husema kuwa spana imekwisha pita.

Ukiisha kazi, paka rangi kila palipobaki chuma kitupu, na tia grisi katika bawaba na kitasa. Baada ya safari tatu nne za shamba, kaza bolti zote mara ya pili, kwa maana zitakuwa zimelegea.