Leza na Gesi Zilizo Haba Hewani: Maswali na Majibu

Hewa haina rangi. Leza inaonaje gesi iliyomo?

Kila gesi hunyonya mwanga wa rangi zake maalumu, nyingi zikiwa za infraredi, ambazo jicho halizioni. Methani hunyonya vizuri mwanga wenye urefu wa wimbi wa mikromita 1.65 hivi. Leza hutoa rangi moja, nyembamba mno, nawe unaisogeza kidogo kidogo mpaka iangukie pale pale methani inaponyonya.

Lakini methani si ni kidogo sana?

Ni kidogo mno: katika molekuli milioni moja za hewa, za methani hazifiki hata mbili. Mwanga ukipita mara moja tu kwenye hewa hiyo, unaopotea ni mdogo kuliko kuyumba kwa leza yenyewe. Hapa ndipo penye ufundi ninaoupenda kuliko wote katika kazi hii. Hewa huvutwa ndani ya chemba yenye urefu wa sentimita 25 hivi na vioo vinavyorudisha zaidi ya asilimia 99.99 ya mwanga. Mwanga ukishajaa humo, leza huzimwa ghafla. Uliobaki huenda na kurudi kati ya vioo, ukivuja kidogo kila unapovigonga, hadi unafifia. Kufikia hapo umesafiri kama kilomita 20, ndani ya kitu unachoweza kukibeba kwapani!

Tunachopima ni muda wa kufifia, makumi machache ya mikrosekunde. Methani ikizidi, mwanga hufifia upesi. Leza ikipungua nguvu, muda haubadiliki. Mbinu hii waliieleza O'Keefe na Deacon mwaka 1988.

Inatumika wapi kwenye ukanda wetu?

Kaskazini mwa Rwanda, juu ya mlima Mugogo, zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, kuna kituo kinachopima hivyo kaboni dioksidi, methani na kaboni monoksidi. Misimu ya kiangazi, nyika na mashamba yanapochomwa, kaboni monoksidi hupanda. Afrika ina vituo vichache mno vya aina hii, na jambo hilo linanisikitisha.

Nitaziaminije namba zake?

Kwa mitungi. Kila baada ya muda mashine hupewa hewa ya mtungi ambayo kiasi chake cha gesi kinajulikana, kikiwa kimelinganishwa na vipimo rasmi vya Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Mashine ikisoma tofauti, tunaisahihisha.

Halafu kuna mirija inayoleta hewa kwenye mashine. Pumzi ya mtu ina kaboni dioksidi karibu mara 100 ya iliyoko hewani, kwa hiyo nikifika kituoni napuliza kwenye kila kiungo cha mrija, taratibu, nikitazama skrini. Mstari ukiruka, kiungo hicho kinavuja, na vipimo vyote tangu kilipolegea vina shaka.