Mito ya barazani inaota ukungu, nifanyeje?

SWALI: Naishi Kihesa, Iringa. Kila msimu wa mvua mito ya viti vyangu vya barazani inaota madoa meusi na kunuka, ingawa kila jioni naifunika kwa nailoni. Nakosea wapi?

JIBU: Pole sana. Kosa ni hiyo nailoni. Mto uliorushiwa manyunyu mchana ukiufunika jioni, unyevu hauna pa kutokea, na ukungu hauhitaji zaidi ya unyevu, vumbi na makombo ya chakula. Iringa mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, hivyo ni miezi mingi ya kuwa macho.

Toa foronya, ipige brashi kavu nje ya nyumba ukiwa umeziba pua na mdomo, kisha ifue kwa sabuni na maji ya moto. Doa likibaki, paka siki nyeupe, subiri nusu saa, suuza. Tafadhali usichanganye siki na Jik: hutoa hewa yenye sumu.

Sponji ndiyo ngumu. Nje huonekana kavu huku ndani imeloa, kwa hiyo isimamishe juani siku mbili au tatu, ukiigeuza. Ikiendelea kunuka, nunua nyingine, hiyo haitapona.

Kuanzia sasa, usiku ingiza mito ndani na uisimamishe mbali na ukuta. Nailoni ibaki kufunikia kuni.